Wimbo Hauna Miguu

Mada hii ilitolewa kwa wanafunzi wa klabu za afya za shule za sekondari, mara ya kwanza Bukoba mjini na mara ya pili Muleba. Tumeiandika karibu kama ilivyosemwa, pamoja na baadhi ya maswali ya wanafunzi.

 

Najua mlipoambiwa kwamba mtu wa afya anakuja kuzungumza, wengine mlinong'onezana: "Haya, leo tena ni kondomu na malaria." Leo siyo. Leo tutazungumza juu ya muziki. Msifurahi mno, lakini, maana nitawarudisha kwenye afya kabla hamjaondoka.

Swali langu ni hili. Kila wiki nyimbo nyingi zinatengenezwa, hapa kwetu na duniani kote. Nyingi zinafia studio. Halafu unatokea wimbo mmoja, labda wa mtu ambaye hajulikani hata mtaani kwao, labda hauna hata mashairi, na ghafla kila mtu anaucheza. Unauona kwenye stetasi ya binamu yako, ya mwalimu wa kwaya, hata ya mjomba ambaye hujawahi kumwona akicheza. Umekuwa kichekesho cha mtandao mzima, au kama wanavyosema wenyewe, meme. Je, umefikaje huko? Wimbo hauna miguu. Hauna nauli. Nani ameubeba?

WIMBO ULIOTOKA KWETU

Tuanzie nyumbani. Mwaka 2001 Saida Karoli, binti wa Kagera, alitoa wimbo wa Maria Salome. Aliimba kwa Kihaya, na ngoma zake ni za huku huku kwetu. Sasa niambieni, mtu wa Mtwara anajua Kihaya? Hata "waitu" hajui maana yake. Lakini wimbo ule ulipigwa nchi nzima, kwenye kaseti, redioni, ndani ya mabasi, kwenye harusi za makabila yote. Wengi hawakujua hata jina lake. Waliuita Chambua Kama Karanga, kwa sababu hayo ndiyo maneno ya Kiswahili waliyoweza kuyakamata.

Hapo pana somo la kwanza. Watu hawakuubeba wimbo mzima. Walibeba kipande kidogo walichoweza kukishika, na kipande hicho kikauvuta wimbo uliobaki, kama kamba inavyomvuta mbuzi.

Miaka 15 ikapita. Mwaka 2016 Diamond Platnumz na Rayvanny wakatoa wimbo wa Salome, walioujenga juu ya ule wa Saida. Safari hii biti ni ya kompyuta. Lakini si muziki tu uliobadilika, hata njia ya kusafiria ilikuwa nyingine. Mwaka 2001, ukicheza Maria Salome ukumbini, waliokuona ni waliokuwa ukumbini. Mwaka 2016 mtu alicheza sebuleni kwao, akajirekodi kwa simu, akaweka Instagram, na mwenzake akamjibu kwa video yake. Ikaitwa Salome chalenji. Msikilizaji amekuwa mchezaji, na mchezaji amekuwa mtangazaji! Watoto ambao Maria Salome ilipotoka walikuwa hawajazaliwa, wakaijua sauti ya Kagera kupitia kiganja cha mkono.

Na mwaka 2017 Saida mwenyewe akarudi na wimbo mpya, Orugambo. Kwa wasiojua Kihaya, orugambo ni uvumi, umbea, maneno ya watu. Neno hilo liwekeni mfukoni, tutalihitaji.

Lakini mtu anaweza kusema: "Dada, Salome ilibebwa na msanii mkubwa, lazima ivume." Ni kweli. Basi tuangalie wimbo ambao haukuwa na mkubwa yeyote wa kuubeba.

KIJANA MMOJA NA KOMPYUTA YAKE

Huko New York, Marekani, alikuwepo kijana anayeitwa Harry Rodrigues. Jina lake la muziki ni Baauer. Alitengeneza wimbo kwa kompyuta chumbani kwake, akauita Harlem Shake. Hauna beti wala kiitikio kama tunavyovijua sisi. Una besi nzito, ngurumo ya simba, na sauti mbili fupi zilizokatwa kutoka nyimbo za watu wengine. Mei 2012 lebo ndogo ikauweka mtandaoni, upakuliwe bure. Wapenzi wa muziki wa aina hiyo wakaupenda. Watu wa kawaida hawakuujua. Miezi minane ikapita hivyo.

Tarehe 30 Januari 2013 mchekeshaji mmoja wa YouTube, aliyejiita Filthy Frank, akaweka video ya watu waliovaa mavazi ya ajabu wakijitikisa kwa wimbo ule. Siku tatu baadaye vijana watano wa Queensland, Australia, wakaiga, lakini wakaipa mpangilio. Sikilizeni mpangilio wenyewe, maana ndio uliofanya kazi yote.

Video ina nusu dakika tu. Kwanza anaonekana mtu mmoja anacheza peke yake, amevaa kofia kubwa au kinyago, na wengine pembeni wanaendelea na shughuli zao kama hawamwoni. Halafu besi inaanguka, puu! Picha inakatika, na ghafla wote wanajitikisa kama wamepagawa, mmoja amevaa taulo, mwingine amebeba kiti. Basi, imekwisha.

Mnacheka, lakini fikirini. Nani hawezi kuitengeneza hiyo? Haihitaji kujua kucheza wala kuimba. Inahitaji chumba, simu, na marafiki wasioona haya. Wanajeshi wakafanya, wanafunzi wa vyuo wakafanya, wafanyakazi wa maofisi wakafanya. Kufikia tarehe 15 Februari, yaani wiki mbili tu, video kama 40,000 zilikuwa zimewekwa YouTube. Mwezi huohuo jarida la Billboard la Marekani likaanza kuhesabu watazamaji wa YouTube katika chati yake, na Harlem Shake ukaingia moja kwa moja namba moja. Ukakaa hapo wiki tano. Wimbo wa chumbani!

Sasa tugeuze upande wa pili wa shilingi. Zile sauti mbili zilizokatwa zilikuwa na wenyewe. Mmoja ni Hector Delgado, mwanamuziki wa Puerto Rico aliyekuwa amekwisha acha muziki na kuwa mhubiri. Mwingine ni Jayson Musson wa Marekani. Hakuna aliyewaomba ruhusa, wakaja kusikia sauti zao zinazunguka dunia nzima, ikabidi wadai haki yao. Huko Australia Magharibi wachimbaji wapatao 15 waliojirekodi wakicheza chini ya mgodi wa dhahabu walipoteza kazi, kwa sababu walivunja taratibu za usalama. Na watu wa Harlem, mtaa wenye ngoma yake halisi ya jina hilohilo tangu miaka ya 1980, walishangaa kuona kinachochezwa hakifanani hata kidogo na ngoma yao.

Halafu, kabla masika ya mwaka ule hayajaisha, mtindo ukapoa. Waliocheka wakaendelea na mambo mengine. Waliopoteza kazi hawakurudishiwa kwa sababu mtindo umepita.

MAMBO MANNE

Ukiweka Maria Salome, Salome na Harlem Shake pamoja, unaona mambo manne yanayofanya kitu kivume.

La kwanza, ni kifupi. Kinaingia kwenye sekunde chache, na kwenye bando la mtu asiye na hela.

La pili, ni rahisi kuiga. Kitu kigumu watu hukitazama wakakisifu. Kitu rahisi wanakifanya.

La tatu, kina nafasi yako. Video ya mwenzako ina sebule ya kwao, yako ina migomba ya kwenu. Ni kilekile, lakini ni chako. Ndiyo maana mtu anaona raha kukirudia.

La nne, umeona wenzako wamefanya. Hili ndilo kubwa. Mnajua senene wanavyokuja Novemba? Washa taa, watafuata mwanga. Binadamu naye hufuata mahali wenzake walipokusanyika. Programu za simu zinalijua hilo. Zinahesabu nani ametazama mpaka mwisho, nani amerudia, nani amemtumia mwenzake. Kikitazamwa sana, kinaonyeshwa kwa wengi zaidi. Mashine haijui kama ulitazama ukicheka au ukilia. Inajua kwamba ulitazama.

Lakini kabla ya mashine hizo palikuwa na mikono. Singeli yetu ya Dar es Salaam, muziki wa kompyuta unaokimbia mapigo 200 na zaidi kwa dakika, ilikulia kwenye vigodoro vya uswahilini, na nyimbo zake zikapita simu kwa simu, kadi ya memori kwa kadi ya memori. Mwaka 2017 lebo ya Nyege Nyege Tapes ya Kampala ikatoa albamu ya Sounds of Sisso, kutoka studio ya Sisso ya Mburahati, na leo singeli inapigwa kwenye matamasha ya Ulaya. Nani aliibeba mwanzoni? Kijana wa Mburahati aliyemwambia mwenzake, "Nirushie na mimi."

KICHEKO CHA KASHASHA

Sasa nimefika kwenye afya. Msidhani haya yameletwa na intaneti. Mfano ulioandikwa kwenye vitabu vya dunia ni wa hapahapa kwetu, na wakati huo hata simu ya waya ilikuwa ya wachache.

Tarehe 30 Januari 1962, katika shule ya bweni ya wasichana ya Kashasha, wasichana watatu walianza kucheka. Hawakuweza kuacha. Wenzao wakaanza nao. Kufikia tarehe 18 Machi, shule ilipofungwa, wasichana 95 kati ya 159 walikuwa wamepatwa. Kwa wengine hali hiyo ilidumu saa chache, kwa wengine ilikuja na kuondoka hadi siku 16. Walimu hawakupatwa hata mmoja.

Wasichana wakarudishwa makwao. Nshamba, kijiji cha baadhi yao, watu 217 wakapatwa mwezi wa Aprili na Mei, wengi wao vijana na watoto. Mwezi wa Juni ikafika shule ya wasichana ya Ramashenye, karibu na Bukoba, wakapatwa 48. Madaktari wawili, Rankin na Philip, wakachunguza damu, wakachunguza chakula. Hawakupata kijidudu wala sumu. Mwaka 1963 wakaandika taarifa yao katika jarida la kitabibu, na mpaka leo wataalamu wanaisoma.

Watu wa nje wakiisikia habari hii huipenda, huisimulia kama kichekesho. Lakini someni vizuri. Wale wasichana hawakuwa wamefurahi. Walicheka na kulia, wengine walikimbia ovyo, wengine walikuwa wakali wakishikwa. Hawakuwa waongo, wala hawakuwa wamerogwa. Wataalamu wengi wanaona kwamba ni msongo wa mawazo, msongo wa maisha ya bweni na mabadiliko ya wakati ule, uliopata mlango wa kutokea. Na mlango ukiisha kufunguliwa na mmoja, mwili wa mwenzake aliye katika hali ileile huufuata. Hebu mmoja wenu apige miayo hapa. Mmeona? Tayari watatu!

Kwa hiyo binadamu huambukizana vitu visivyo na kijidudu. Tunaambukizana kicheko, hofu, mtindo wa nywele, wimbo. Na angalieni, Kashasha walipotawanywa, kicheko kilisafiri nao. Siku hizi huhitaji hata kurudishwa nyumbani. Unabonyeza tu.

ORUGAMBO HUPITA NJIA HIYOHIYO

Toeni sasa lile neno mlilolitia mfukoni.

Tuseme yupo msichana wa Kidato cha Pili, shule yoyote, wilaya yoyote. Yuko darasani, hedhi imemjia ghafla, sketi imechafuka, naye hajui. Amesimama kujibu swali. Kuna mvulana ana simu aliyoificha. Anarekodi sekunde nane. Jioni anachukua ule wimbo unaovuma wiki hiyo, wenye besi inayoanguka, anaubandika juu ya video, na besi inapoanguka ndipo picha inaonyesha sketi. Anatuma kwa grupu la darasa.

Sasa hesabuni. Ni fupi? Ndiyo. Ni rahisi kuiga? Ndiyo, mwingine atabadili wimbo, mwingine ataongeza maneno. Ina nafasi yako? Ndiyo, unaongeza kicheko chako. Wenzako wamefanya? Ndiyo, umeona grupu zima linacheka. Mambo yote manne yametimia. Usiku imefika Kemondo, asubuhi iko Muleba, jioni iko Mwanza kwa mtu asiyemjua msichana yule hata jina.

Yule wa Harlem Shake alijirekodi mwenyewe, kwa hiari yake. Huyu hakuulizwa. Na wimbo ambao jana ulikuwa wa furaha, leo akiusikia sokoni, tumbo linamkata. Halali vizuri. Hataki kula. Anasema anaumwa kichwa ili asiende shule. Anaacha kunyoosha mkono darasani, halafu anaacha shule. Wengine hufika mahali pa kufikiria kujidhuru. Hiyo ni afya, ndugu zangu. Ni afya kama malaria ilivyo afya, ila haipimwi kwa damu.

Na ukiwauliza waliosambaza, kila mmoja atasema: "Mimi sikurekodi, nilirusha tu." Ni kweli. Hakuna hata mmoja aliyempiga. Kila mmoja alibonyeza mara moja. Lakini video, kama wimbo, haina miguu.

Orugambo huumiza hata jamii nzima. Wazee wa huku wanakumbuka UKIMWI ulipoanza kuonekana Kagera mwaka 1983. Watu wakauita Juliana, jina la kitambaa kilichokuwa cha fasheni siku hizo. Jina fupi, rahisi kusema, likasambaa upesi kuliko maelezo ya daktari. Na pande zote mbili za mpaka wapo walioamini kwamba ni uchawi wa kudaiana katika biashara. Anayeamini ni uchawi hatafuti kinga ya ugonjwa.

Na ninyi mnakumbuka Machi 2023. Tarehe 16 Serikali ilitangaza kwamba kuna ugonjwa usiojulikana hapa Bukoba Vijijini. Tarehe 21 maabara ikathibitisha kwamba ni Marburg. Kati ya tangazo la kwanza na la pili zilipita siku tano. Watu wana hofu, hawana jibu, na wana simu mkononi. Siku kama hizo ndizo za kujiuliza mara mbili kabla ya kurusha sauti ya mtu usiyemjua anayesema "ukweli wanauficha". Wagonjwa walikuwa 9, wakafa 6, miongoni mwao mhudumu wa afya. Tarehe 2 Juni mlipuko ukatangazwa kwisha. Ulidhibitiwa na watu waliowafuatilia majirani nyumba kwa nyumba, na majirani waliokubali kusema ukweli.

Nisiwaache mkidhani simu ni adui. Mwaka 2020, wakati wa Korona, wimbo wa Jerusalema wa Master KG na Nomcebo, nao wa kompyuta kutoka Afrika Kusini, ulibebwa na kundi la vijana wa Angola waliocheza huku wameshika sahani zao za chakula. Ukazunguka dunia, na wauguzi na madaktari wa nchi nyingi wakaucheza nje ya wodi zao ili kupeana moyo. Ni njia ileile. Kilichobebwa ndicho tofauti.

IKIWA NI WEWE ULIYEREKODIWA

Kwanza, kosa si lako. Hedhi si aibu, kuanguka si aibu, kulia si aibu. Mwenye aibu ni aliyerekodi.

Pili, usijibizane nao kwenye grupu. Ukijibu kwa hasira unawapa video ya pili.

Tatu, tunza ushahidi. Piga picha ya kioo cha simu inayoonyesha nani katuma na lini. Lakini kama ni picha ya mwili wa mtu, usiisambaze hata kwa nia ya kuonyesha. Mpelekee mtu mzima simu yenyewe.

Nne, mwambie mtu mmoja unayemwamini, mzazi, shangazi, mwalimu wa malezi, muuguzi. Ukiona huna wa kumwambia, piga 116, Huduma ya Simu kwa Mtoto. Ni bure. Kwenye vituo vya polisi lipo Dawati la Jinsia na Watoto.

Na wewe unayerusha, ujue sheria ipo. Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015 inagusa unyanyasaji wa mtandaoni, habari za uongo na picha za ngono za watoto. Mtoto ni kila aliye chini ya miaka 18, hata kama ana ndevu, hata kama mwenyewe alikutumia picha hiyo kwa mapenzi.

MASWALI YA WANAFUNZI

Swali: Dada, shuleni simu haziruhusiwi. Kwa nini unatuambia mambo ya simu?

Jibu: Kwa sababu likizo ipo, na simu ya kaka ipo. Mtoto hafundishwi kuogelea siku anapozama. Tena si lazima uwe na simu ili ubebe orugambo. Mdomo ulikuwepo kabla ya WhatsApp.

Swali: Je, ni vibaya kucheza chalenji?

Jibu: Hapana. Cheza! Ni mazoezi, ni furaha, na inapunguza msongo. Angalia tu ucheze mahali salama, si barabarani wala ukingoni mwa maji, na wote wanaoonekana kwenye video wawe wamekubali. Aliyekubali kucheza hajakubali kurushwa. Uliza mara mbili.

Swali: Mimi natengeneza biti kwa kompyuta ya mjomba. Nifanye nini ili wimbo wangu uvume?

Jibu: Tengeneza kipande kimoja ambacho bibi yako anaweza kukirudia, na uache nafasi watu waweke cha kwao. Lakini ukikata sauti ya mtu, omba ruhusa na uandike jina lake. Nyimbo zetu za Kihaya zina wenyewe. Nenda ukasajili kazi yako COSOTA. Na usitengeneze ili uvume tu. Baauer mwenyewe alikaa miezi minane bila kujua, na mtindo ulipopita bado alipaswa kuwa mwanamuziki.

Swali: Kama nimesharusha video ya mtu, nifanyeje?

Jibu: Ifute kwa wote kama bado inawezekana. Andika kwenye grupu lilelile: "Nimeifuta, nawaomba na ninyi mfute." Unaona ulivyo wa ajabu mtindo wa kuiga? Mmoja akianza kufuta, wa pili anafuta. Halafu mwendee mwenyewe umwombe radhi uso kwa uso. Ujumbe wa simu hautoshi kwa hilo.

Swali (kutoka nyuma, Muleba): Na kama wote wanacheka, mimi peke yangu sicheki, si nitaonekana mshamba?

Jibu: Utaonekana hivyo siku mbili. Lakini kumbukeni Kashasha. Kati ya wasichana 159, wapo 64 ambao hawakucheka. Historia haikuandika majina yao, lakini nina hakika wapo waliokaa kitandani na wenzao usiku, wakawashika mkono. Darasa linawahitaji watu wa namna hiyo. Na yule msichana wa Kidato cha Pili akirudi Jumatatu, atatafuta kwa macho nani hakucheka. Akimpata mmoja tu, ataingia darasani.



JADILINI KATIKA KLABU YENU

1. Taja wimbo mmoja uliovuma shuleni kwenu mwaka huu. Ni kipande gani watu walikishika, na kwa nini?

2. Je, kuna uvumi uliowahi kuwatia hofu watu wa kijiji chenu? Ulianzia wapi, na nani aliuzima?

3. Tungeni kanuni tatu za grupu la darasa lenu. Ziandikeni, zibandikeni ukutani, na mkubaliane nani atakumbusha zinapovunjwa.

4. Wavulana: msichana akichafuka darasani, mtafanya nini katika dakika ya kwanza? Igizeni.